Siku Niliyopaka Mafuta Kabla ya Kumshika Lembris

Mwanangu Saruni,

Barua hii nimekukabidhi ikiwa imefungwa, nikakuomba uifungue asubuhi mbele ya wote waliokuja kukuaga, uisome kwa sauti, bila kuruka mstari. Mimi nitakuwa nimeketi hapo mbele yako. Anza basi kwa kuwasalimu kwa niaba yangu kama inavyopasa.

Wasalimu wazee wa ukoo, wakiongozwa na laigwanani wetu, Mzee Lesikari, kaka yangu mkubwa, msemaji wa rika lake na wa wengi waliokuja baada yake. Shikamooni, wazee wetu. Wasalimu wajomba zako waliotembea tangu jana. Wasalimu wazee wa kanisa na walimu wenzangu. Wasalimu mama zako, walioamka kabla ya kila mtu na watakaokula baada ya kila mtu. Wasalimu vijana wa rika lako. Kisha geuza uso kuelekea langoni, umsalimu Mama Lomayani, mjane wa Lembris mhunzi, ambaye bila shaka ameketi huko peke yake kwa sababu hakuna aliyemsogezea kigoda. Nimemtaja mwisho kwa kuwa ndivyo desturi yetu inavyowapanga watu. Barua hii inamhusu yeye kuliko wote niliowatanguliza.

Nimezoea kusema mbele ya watu. Ninaposimama barazani maneno hunijia yakiwa yamekwisha kupangika, na mara nyingi nimeshinda mashauri ambayo sikustahili kuyashinda. Ndiyo maana safari hii nimeuogopa ulimi wangu. Ulimi huona nyuso zikikunjamana ukabadili njia. Karatasi haioni kitu.

Juu ya blanketi, na chakula cha njiani, na mahali pa kulala mkishapita Kikatiti, mama yako amekwisha kusema, na amesema vizuri kuliko mimi. Sitayarudia. Ninalotaka kukuambia ni jinsi ulivyoipata nafasi unayoiendea.

Unakwenda Moshi, ilikofika reli, kujifunza ufundi katika karakana ya magari ya moshi. Utakaa nyumbani kwa Lomayani mwana wa Lembris, utakula chakula chake, na atakufundisha chuma. Vijana wengi wa hapa wameitamani nafasi hiyo. Lomayani amewakataa wote akakukubali wewe, na katika barua yake aliandika sababu: “Baba yake alimshika baba yangu kwa mikono yake, siku ambayo hakuna mwingine aliyethubutu kumgusa.” Mama yako aliposomewa maneno hayo alilia kwa furaha. Mimi nilitoka nje, nikajifanya naangalia mfereji.

Saruni, wewe umezaliwa majembe ya dukani yakiwa karibu kuingia, kwa hiyo huenda hukumbuki tulivyoishi na wahunzi. Zamani kila kilichokuwa na makali katika nchi hii kilitoka mkononi mwa mhunzi, yule tunayemwita olkunoni, au mkunoni. Tulilima kwa jembe lake, tukachinja kwa kisu chake, tukalinda ng’ombe kwa mkuki wake. Na hatukumgusa. Hatukuoa kwake, hatukunywa maziwa katika kibuyu chake, na mtu wake akiuawa, damu ile haikudaiwa ng’ombe. Tulisema chuma kimemnajisi, kwa hiyo yeyote anayepokea kitu kutoka kwake apake kwanza mafuta ya kondoo viganjani. Nilipotumwa mara ya kwanza kuchukua jembe kwa babake Lembris, babangu alinipaka yeye mwenyewe, kidole baada ya kidole, kwa upole kama anavyopakwa mtoto anayeumwa. Yale mafunzo yaliingia mwilini kabla sijapata akili ya kuyauliza.

Baadaye nilikwenda Uchagani, nikasomeshwa na wamisheni, nikabatizwa, nikarudi na koti na kalamu. Nilifundisha watoto wa hapa kwamba Mungu amewaumba watu wote kwa damu moja. Nililisema hilo kwa ufasaha mkubwa. Lembris alikuwa akipita nyuma ya shule na mzigo wake wa makaa, na sikukumbuka hata siku moja kumwita aingie asikilize habari za damu hiyo moja.

Kisha yakaja majembe ya kiwandani katika duka karibu na boma. Yalikuwa rahisi, yalifanana yote kama mayai ya kuku mmoja, na hayakutaka mafuta. Mimi ndiye niliyeyasifu kuliko wote. Nilisimama penye mkutano wa mfereji nikiwa na jembe la Ulaya begani, nikasema, “Ndugu zangu, hili halikutoka mkononi mwa mtu. Mashine imelitengeneza. Lichukueni bila hofu.” Watu walicheka kwa raha, kama watu waliotuliwa mzigo. Katika misimu miwili hakuna aliyepanda tena kilimani kwa Lembris. Nilijiona nimewakomboa watu wangu na ushirikina. Sikuuondoa ushirikina, mwanangu. Niliwatafutia njia ya kuishi nao bila usumbufu, na gharama yake nikamwachia Lembris.

Nilipita kwake siku moja na jembe lile. Alilipokea, akaligonga kwa ukucha, akalisikiliza.

“Chuma kizuri,” akasema. “Aliyekifua alikuwa na haraka.”

“Hakuna aliyekifua, Lembris. Ni kazi ya mashine.”

“Na mashine imefuliwa na nani?”

“Na mashine nyingine.”

Akacheka mpaka akaweka nyundo chini. “Basi Mwalimu, mwisho wa njia hiyo ndefu yupo mkunoni mmoja ameketi, uso umejaa masizi, mkewe anamgombeza. Hamjamwona, ndiyo maana mnampenda.”

Nilicheka naye. Nilidhani ni mzaha wa mtu asiyesoma.

Wakati huo Wadachi walikuwa wamekwisha kuweka kodi, na mzungu mmoja akajenga kiwanda cha kupasua mbao msituni, upande wa magharibi wa mlima, palipokuwa na mitarakwa minene. Akaleta injini ya mvuke kwa magari ya ng’ombe ya Makaburu, na msumeno wa duara mkubwa kama ungo wa kupetea nafaka ya kijiji kizima. Akahitaji watu. Nataka usikie vizuri jinsi watu hao walivyopatikana, kwa sababu huko uendako utaambiwa kwamba mashine imebadili kila kitu. Mimi niliiona ikifika. Ilitukuta tumekwisha kupangwa, ikamfanyisha kila mmoja kazi pale pale tulipokuwa tumemweka.

Wenye ng’ombe wengi waliuza dume mmoja, kodi ikaisha, wana wao wakabaki nyumbani. Ilipotakiwa orodha ya watu wa kazi, yalipelekwa majina ya wasio na mifugo, na ya wageni waliohamia kwetu wakati wa njaa. Hao walipewa kipande, ile karatasi ya siku thelathini, wakaburuta magogo. Mama zenu walibaki na shamba lote, juu yake wakabeba ndizi hadi kambini, mwendo wa nusu siku, ili waume zao wapate kula. Mimi nilijua kuandika na Kidachi kidogo, nikawa karani na msimamizi, nilikaa kivulini. Mzungu alijenga nyumba yenye sakafu ya mbao. Katika watu wote walioangusha mitarakwa ile, simjui mmoja aliyelala juu ya ubao wake.

Na Lembris, ambaye hakuna aliyemhitaji tena kwa jembe, alikuja akaomba kunoa misumeno. Baada ya mwezi mzungu akaona kwamba mtu huyu husikiliza injini kama anavyosikiliza chuma, akamkabidhi injini yenyewe. Mimi ndiye niliyetafsiri. Mzungu aliniuliza, “Watu wake hawataleta matata wakisikia nimemweka mahali pa hatari?” Nikamjibu, “Huyu hana watu, Bwana.” Nilijibu kwa haraka, kwa sarufi safi.

Usidhani Lembris alikuwa mtu wa huzuni. Vijana waliokuwa wakiburuta magogo walimchokoza kutwa.

“Mkunoni, mnyama wako leo kachelewa kuamka.”

“Kaamka. Anangoja mlete kuni, maana yeye hashindi na njaa kama ninyi.”

“Akikupiga teke?”

“Mama zenu wote walikwisha kunipiga mateke ya macho. La mnyama nitaliweza.”

Walicheka, na chakula kilipofika walikaa upande wao, yeye upande wake.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, kabla ya adhuhuri. Asubuhi mzungu alikuwa ameagiza, nami nikapeleka agizo, kwamba injini isisimamishwe kwa sababu yoyote ile mpaka mbao za siku hiyo zitimie. Gogo moja likakwama, mkanda ukatoka kwenye gurudumu. Lembris alinitazama. Alikuwa akiuliza kwa macho kama azime. Nilitikisa kichwa. Akanyoosha mkono kuurudisha mkanda huku gurudumu linazunguka, nao mkanda ukamkamata, ukamvuta, ukamrusha chini. Mkono wake wa kulia ulipasuka juu ya kiwiko, na damu ikatoka kwa kuruka.

Watu kumi na zaidi walikuwapo. Walisimama duara. Hakuna aliyesogea, na sitawalaumu, maana hawakuwa wamefundishwa la kufanya. Mimi nilikuwa nimefundishwa. Wamisheni walinionyesha jinsi ya kubana mshipa, nami nilikuwa nimewaonyesha wengine darasani kwa kutumia mkono wangu mwenyewe.

Lembris aliniona. Akasema kwa sauti ya kazi, kama mtu anayeomba koleo, “Mwalimu, nishike hapa. Kaza.”

Saruni, soma polepole hapa.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilikwisha kupiga magoti nusu. Kisha mikono yangu ikasimama. Sikuamua kuisimamisha, ilisimama yenyewe, kama ng’ombe anayekataa kuvuka mto. Kando ya injini palikuwa na debe la mafuta ya kondoo, ambayo Lembris mwenyewe alikuwa akiyatumia kulainisha vyuma. Niliinuka, nikaenda penye debe, nikachovya viganja vyote viwili, nikapaka mpaka kwenye vifundo, kidole baada ya kidole. Kisha nikarudi nikamshika.

Mikono ikateleza. Nilibana, ikateleza. Nilibana tena, damu ikapita kati ya vidole vyangu kana kwamba sikuwapo. Nikajifuta kwenye suruali, nikajifuta kwenye unga wa mbao, mafuta yakawa yamekwisha kushika ngozi. Yeye alikuwa akitazama mikono yangu. Akasema, “Umepaka.” Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetambua kosa katika kazi ya mwanafunzi, baada ya chuma kupoa.

Kabla gari la ng’ombe halijafungwa alikuwa amekufa.

Nyuma yangu nikasikia kijana mmoja akinong’ona, “Mwalimu ni jasiri. Amemgusa.” Hapo ndipo uongo ulipozaliwa, na haukuzaliwa na mimi, mimi niliulea. Mzungu aliuliza kama mtu huyo alipata msaada. Nikasema alisaidiwa papo hapo, lakini jeraha lilikuwa kubwa mno. Yeye akasema atafutwe mwingine wa kabila hilohilo la wahunzi, kwa kuwa wanajua chuma na hawana walalamikaji. Nikaenda kwa mjane kupeleka habari, na siku ileile nikarudi na Lomayani, kijana ambaye hakuwa na ndevu bado, nikamsimamisha penye gurudumu lililomwua babake. Ni kwa ufundi alioupata hapo reli ilimchukua baadaye.

Mama Lomayani, akiwa kati ya waliokuja kumpa pole, hakuniuliza mengi. Alisema, “Nimeambiwa ulimshika.” Nikasema, “Ndiyo, nilimshika.” Ona jinsi neno la kweli linavyoweza kufanya kazi ya mwongo. Tangu siku hiyo kila tukikutana njiani yeye husimama pembeni, huinamisha kichwa, na kusema, “Asante, Mwalimu, kwa mikono yako.” Amenishukuru masika baada ya masika. Nimebadili njia ya kwenda kanisani ili nisikutane naye, na kwa sababu hiyo pia watu wamenisifu, wakisema Mwalimu sasa hupita njia ndefu ili asali.

Mzee Lesikari anajua kwamba mwezi uliopita, ulipokuja mwaliko wa Lomayani, wazee walinung’unika. Walisema mtoto wetu atakaaje kwa mhunzi, ale kwake, arudi na najisi. Mimi nikasimama nikawashinda kwa hoja. Nilisema dunia imegeuka. Leo anayejua injini analipwa kuliko mwenye zizi, na mkunoni wa jana ni fundi wa leo. Mlipiga makofi, wazee wangu, mkakubali. Nimekaa na makofi yale tangu siku hiyo. Tulimkubali Lomayani kwa sababu ana mshahara na sare ya reli. Mama yake hana sare, naye bado ameketi langoni. Kama karakana ile ikifungwa kesho, tutamrudisha mwanawe palepale tulipomtoa, na mafuta hayajaisha majumbani mwetu.

Mwanangu, sina mafundisho mengi ya kukupa, kwa maana yale mazuri niliyokuwa nayo niliyafundisha wengine nikayakosa mimi nilipoyahitaji. Najua mambo machache tu. Utapewa mamlaka mapema, kwa sababu unasoma na kuandika. Siku utakapotumwa kupeleka agizo la mtu mwingine kwa mtu aliye karibu na gurudumu, jihesabu kuwa wewe ndiye uliyeagiza. Utasikia watu wakisema kitu fulani kimefanywa na mashine. Uliza ni nani aliyesimama karibu nayo. Na usiamini kwamba moyo wako umebadilika kwa kuwa maneno yako yamebadilika. Mimi niliamini hivyo, na mikono yangu ilikuwa bado inamtii babangu. Simlaumu babangu. Aliponipaka mafuta alidhani ananilinda, nami nilipokupa jina langu zuri na nafasi hii nilidhani nakulinda wewe. Huenda hivi ndivyo aibu inavyorithiwa, kwa mapenzi.

Najua ninachohatarisha. Lomayani akijua, anaweza kukufungia mlango, na hutakuwa na la kumjibu. Utarudi kulima, na vijana wenzako watakucheka, na itakuwa ni kwa sababu yangu. Nimelipima hilo kwa siku nyingi. Ningeweza kunyamaza, ukaenda, ukawa fundi, ukala kila jioni katika nyumba ya mtu ambaye babako alimwacha babake avuje damu, naye akakushukuru. Siwezi kukutuma uishi ndani ya shukrani ile. Mimi nimeishi ndani yake, na si mahali pa mtu.

Sasa nawageukia ninyi mliokusanyika, nanyi mtanisamehe kwa kuwa nawapa uamuzi na si ombi.

Mimi, mbele yenu, nakiri kwamba kifo cha Lembris kiko juu yangu. Nimeamua kuilipia damu yake dia kamili, sawasawa na inayolipwa kwa mtu wa ukoo wetu, bila kupunguza ndama. Mnajua sheria: dia hailipwi na mtu mmoja, hulipwa na ukoo wote, kila zizi kwa sehemu yake. Kwa hiyo nalitaka baraza hili, likiongozwa na Mzee Lesikari, liamue leo kabla watu hawajatawanyika kama damu ya mhunzi inadaiwa au haidaiwi. Mkisema haidaiwi, semeni hivyo wazi, Mama Lomayani akiwasikia, na mimi nitalipa peke yangu hata zizi langu liwe tupu, wala sitaketi tena katika baraza lenu. Mkisema inadaiwa, anzeni kuchagua katika zizi langu, kisha mwende kwenu.

Saruni hataondoka mpaka hilo limeamuliwa, na hataondoka bila ruhusa ya Mama Lomayani. Akisema nenda, Saruni atampelekea Lomayani barua hii hii, na Lomayani ndiye atakayesema kama alale ndani au arudi. Akisema usiende, wewe, Saruni, utafungua mzigo wako leo, wala hutamwuliza sababu.

Mama Lomayani, nimemaliza. Sikukuambia haya ukiwa peke yako kwa kuwa uongo nilikuambia mbele ya watu. Baraza linakungoja useme wewe kwanza.

Mimi babako.